Betri ya Mzee Tsongo

Pale Bwera, ukitaka simu yako ikae na chaji siku mbili, humtafuti mtu mwingine ila Yayeri. Kibanda chake cha mabati kiko njia ya kwenda mpakani, na wachuuzi wanaovuka kwenda Kongo humwachia simu zao asubuhi. Yayeri hauzi betri. Yeye hushughulika na memori.

"Memori ni tumbo," huwaambia. "Hata simu ikilala, tumbo inakula chaji, ndiyo isisahau. Sasa mimi napunguza wenye kula."

Basi hufuta programu za ovyo, na zinazobaki huziwekea amri: kioo kikizima tu, zote zitoke kwenye memori. Kompyuta yake ya sola nayo aliichomoa kadi moja ya memori kati ya mbili, na inadunda mpaka jioni. Lakini simu ya baba yake, mzee Tsongo, ndiyo aliyoitengeneza kwa mapenzi kuliko zote, maana kule Munkunyu umeme ni hadithi.

Huko Munkunyu ndiko liliko shamba la kahawa. Yayeri alilipalilia tangu mumewe alipomtupa na watoto, na mzee alimwahidi faraghani kwamba litakuwa lake. Ahadi ya faraghani, mbele ya ukoo wao, si kitu. Binti hapati ardhi mpaka baba aseme kwa kinywa chake. Na mzee alikuwa kitandani kwa Maate, kaka yake Yayeri, aliyewafukuza wageni mlangoni kama kuku. Yayeri akapenya siku moja, akamwonyesha mzee pa kubonyeza ili simu inase sauti yake. Mzee akaificha chini ya mto.

Baada ya maziko ukoo ulikaa uani. Baba mdogo Gidioni, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, akaitoa simu iliyokutwa chini ya mto, akaifungua ile sauti. Ilikuwa dhaifu, lakini ya mzee kabisa, na wanawake wakalia upya.

"Mimi Tsongo, niko na akili yangu yote. Sikieni bote. Ile shamba ya kahawa, mimi napatia..."

Kimya. Gidioni akarudia, akarudia tena. Kimya kile kile.

Yayeri alielewa kabla ya wote. Mzee alisema polepole, akitafuta pumzi. Kioo kikazima, na simu ikafanya kama ilivyofundishwa: ikaitoa kwenye memori hata programu iliyokuwa ikinasa sauti. Pengine baba aliendelea kusema peke yake, akiamini anasikika. Hilo lilimchoma kuliko shamba lenyewe.

"Ni mimi niliiweka hivyo, isimalize chaji!" alilia. "Baba alisema jina yangu, mimi najua!"

"Jina hatusikii, mwanangu," Gidioni alisema taratibu. "Na kinywa ya mzee ni wewe ulifunga."

Maate akaichukua simu, akacheka meno yote nje. "Tangu mzee afe hatujachaji, na angalieni, betri bado iko mingi! Sista ni fundi ya kweli."

Na watu, msibani pale pale, wakacheka. Mganga hajigangi, walisema wakirudi makwao.

Kahawa ilipoiva, Maate alivuna, akauza, akanunua simu kubwa mpya. Akaja nayo kibandani, akaiweka mezani mbele ya wachuuzi.

"Sista, nifanyie hii kama ile ya mzee."

Nyumbani unga ulikuwa umekwisha. Yayeri akafuta programu moja moja, akaweka amri ile ile, akamrudishia kwa mikono miwili.