Mpingo wa Mjomba Chilongani

Ipo siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na nilikuwa sitaki kuisimulia maana inanichosha. Lakini umenijia tena na yaleyale ya kaka yako: kwamba alikutoa kwenye shida, na sasa kila penye watu anakutaja. Unasema heri angekuacha. Neno hilo nililisema mimi kabla hujazaliwa, kwa hiyo kaa nikueleze. Nikinyamaza katikati usiondoke, ni pumzi tu.

Enzi za Mjerumani, reli ilipofika Dodoma, askari walikuja kwa jumbe wetu kutaka vijana wa kazi. Jumbe alikuwa na wanawe, nao hakuwatoa. Akatutoa sisi ambao baba zetu walikwisha kufa. Nilipasua mawe mpaka kifua kikaharibika, na nilipokuwa nakohoa kutwa kucha nikapelekwa nyumbani kwa msimamizi wa reli, nifagie na kuchota maji. Tulimwita Bwana Miwani, wala hakuwa mbaya kuliko wenzake. Alikuwa na chumba kisicho na kitanda wala kiti, ila meza moja kubwa iliyovikwa kitambaa cha kijani, na kila jioni Wajerumani walikusanyika pale kusukuma mipira ya pembe za ndovu kwa fimbo ndefu. Mchezo wenyewe waliuita biliadi. Watu wazima, wenye ndevu, wananuniana kwa ajili ya mpira. Mimi nilisimama ukutani na ufagio wangu, nikaujua mchezo ule bila kuugusa.

Fimbo zao zilitoka Ulaya, na ukavu wa Ugogo unaujua. Midomo inapasuka, sembuse mti uliozaliwa nchi ya baridi na mvua. Zilipinda moja baada ya nyingine. Bwana Miwani akiilaza fimbo mezani na kuibingirisha, inakwenda inarukaruka. Mwishowe alimwambia mpishi wake, naye mpishi akatuambia, kwamba atakayemletea fimbo isiyopinda na yenye kupiga sawasawa aombe anachotaka. Wakati huo kambi ilikuwa inajiandaa kuhamia mbele, kuelekea Tabora, na sisi tulikuwa tuhamishwe nayo. Wenzetu waliotangulizwa huko hatukupata habari zao tena. Kwa kifua kile nilichokuwa nacho, nilijua nikienda sirudi.

Kaka yangu Madeje alikuwa mchonga fimbo. Wafugaji walimfuata kutoka hata Chemba, maana fimbo aliyoitengeneza yeye ilidumu. Jumapili aliniletea uji, nikamweleza habari ile, naye hata hakungoja nimalize. Baada ya siku chache alirudi na fimbo ya mti wa mkole, laini, imenyooka, ina kirungu kichwani kama fimbo zetu zote. Kwetu nguvu ya fimbo iko kichwani, ndiyo inayomwangusha fisi. Bwana Miwani alipoishika, kirungu kikamvuta chini mpaka kikagusa kitambaa cha meza. Akacheka, akaitupa nje kupitia dirishani.

Nilimfuata Madeje mpaka kwenye ua. Nikamwambia niliyoyaona nikiwa nimesimama na ufagio: hawa hawapigi, wanasukuma. Uzito ukae nyuma, kwenye mkono unaosukuma. Mbele iwe nyembamba na nyepesi, inyumbuke kidogo na kurudi. Akanisikiliza akiwa ameinama. Akasema basi mbele iwe mkole, na nyuma iwe mpingo.

Mkole ulikuwa tele. Mpingo ndio taabu, mwanangu. Mti ule hukua kwa kujisokota, na mara nyingi ndani una pango, hata ukate kilima kizima waweza usipate kipande kilichonyooka urefu wa mkono. Ukikipata hukichongi kikiwa kibichi. Unakipaka mafuta ya ng'ombe kwenye ncha, unakifukia kwenye samadi kavu ya zizi, kisha unakitundika juu ya moshi wa jikoni, na miaka inapita. Ukikiharakisha kinapasuka. Sisi tulikuwa na siku, hatukuwa na miaka.

Mpingo mkavu, ulionyooka, tuliujua mmoja tu. Ulikuwa darini kwenye tembe la Mjomba Chilongani, ndugu yake mama. Aliupata ujanani kwenye vilima vya upande wa Busi, akautunza uwe fimbo yake ya uzeeni, ile ambayo mtu anaegemea anapokaa na wazee wenzake, na siku ya kufa anazikwa nayo. Kila mwaka aliushusha, akaupaka mafuta, akaurudisha. Mama ndiye aliyenisimulia jinsi Madeje alivyokwenda, akaamkia, akakaa, akashindwa kusema. Mjomba, aliyekwisha kusikia habari ya fimbo, aliinuka mwenyewe, akaushusha, akaufuta masizi kwa kiganja, akampa. Aliuliza kitu kimoja tu, kama kifua changu bado kinaniuma.

Madeje alichonga mwisho wa mpingo ukawa kabari, akachimba mkole uipokee kabari ile, akaunganisha kwa gundi ya ngozi ya ng'ombe iliyochemshwa, akafunga kwa mishipa ya mnyama mpaka ikakauka. Kisha akaikwangua kwa kipande cha chupa, siku nzima, bila kula. Nchani akabandika ngozi. Bwana Miwani alipoibingirisha mezani ilikwenda kimya. Akasukuma mpira, ukagonga mwenzake pale alipotaka, akasukuma mwingine, akaendelea peke yake mpaka chai yake ikapoa. Ndipo akauliza kwa mkalimani mchonga fimbo anataka nini. Madeje akanyoosha mkono akanionyesha mimi, pale ukutani. Nilirudi kwetu mchana uleule.

Ungedhani hapo ndipo mwisho. Laiti ingekuwa hivyo.

Mwanzoni Madeje alisimulia kwa furaha, nami nilicheka naye. Kisha ikawa kila kwenye pombe. "Huyu mnayemwona angekuwa mifupa kule Tabora," anasema, na kuinua mikono yake watu waione. Nilipokwenda kuchumbia, aliyasema mbele ya wakwe. Nikikataa kumchungia ng'ombe mvua inanyesha, ananiuliza kama nimesahau. Nilichoka, mwanangu. Nilichoka kuliko nilivyochoka kwenye mawe, maana mawe jua likizama unayatua.

Baada ya mavuno ya uwele kulikuwa na pombe nyumbani kwetu. Madeje akaanza tena. Nikasimama, nikayatapika yote mbele za watu: kwamba fimbo yake ya kwanza ilitupwa dirishani, kwamba bila maneno yangu asingejua hata ipi ni mbele na ipi ni nyuma, kwamba nilijitoa mwenyewe, na kama ndiyo hivi heri angeniacha. Naye akasimama. Tulisogeleana fimbo zikiwa mikononi, mama analia, na hakuna aliyetaka kuingia katikati.

Mjomba Chilongani alikuwa amekaa pembeni. Miguu ilikwisha kumwishia nguvu wakati huo, na alitembelea kijiti cha mgunga kilichopinda, kilichokatwa juzijuzi tu. Hakupaza sauti.

"Mnagombania fimbo," alisema. "Mti ulikuwa wa nani?"

Alikigonga kijiti chake chini, akauliza tena.

"Mmewahi kunisikia nikiutaja?" Akamgeukia kaka yangu. "Wewe Madeje, ulimtoa ndugu yako kwa Mjerumani, ukamtia kwako. Na wewe, tangu urudi, umemwambia asante lini? Labda angeipata angenyamaza. Mnanichosha."

Akaomba ashikwe mkono, akainuka, akaondoka polepole na kijiti chake, kinanesa kila anapokiegemea. Sisi tukabaki tumesimama. Nilitafuta moyoni ile siku niliyosema asante, nikaikosa. Siku ya kurudi nilikimbilia kwa mama, nikala, nikalala. Kesho yake nilidhani nimekwisha kusema. Halafu Madeje alipoanza majivuno nikaiminya asante ile kwa makusudi, siku baada ya siku, nikiona hiyo ndiyo silaha yangu pekee.

Asubuhi nilitaka kwenda kwa Madeje, nikaona haya. Naye aliona haya, maana hakuitaja tena fimbo ile mpaka mwisho. Tukawa watu wa kusalimiana tu. Kisha vikaja vita vya Mjerumani na Mwingereza, wakawa wanakamata wapagazi, wakamkamata Madeje. Safari hiyo hakukuwa na bwana aliyetaka kuchongewa kitu. Niliusindikiza msafara nikitembea kando, askari wananifukuza, na yeye ana kasha la risasi kichwani, hawezi hata kugeuza shingo. Nilimwambia nikiwa nyuma yake. Nilisema asante, kaka, nikalirudia, nikalirudia tena mpaka nikazuiwa. Sijui kama alisikia. Hakurudi.

Mjomba tulimzika na kijiti kile cha mgunga.

Basi sikiliza, mwanangu, halafu uniache nilale. Ukimtoa mtu shidani, mwache awe ametoka, usimfuate na habari yake kila aendako. Na ukitolewa wewe, sema asante mapema, kwa mdomo, mbele ya watu, hata kama aliyekutoa ni mwenye kujisifu. Kujisifu kwake ni kosa lake, wala halikupi ruhusa ya kumnyima kilicho chake. Na kabla ya kuhesabu nani alifanya nini, uliza kwanza nani alitoa akanyamaza, umwendee huyo naye.

Mungu akupe kifua chenye pumzi. Akupe watu wa kukutoa pale utakaponasa, na akupe kuwashukuru wakiwa bado wanaweza kugeuka wakakutazama. Kaka yako nimemwona asubuhi anatengeneza zizi lake. Nenda sasa hivi.