Vita vya Mlinzi wa Malaz

Mlinzi wa lango letu hapa Malaz, huku ughaibuni, ana kitabu kimoja tu cha katuni, cha mashujaa watano wanaoruka angani wakipigana vita vya zamani. Kila Ijumaa hulamba kidole, hufungua ukurasa mmoja, na kumsomea kwa simu bintiye Ivy aliye Kenya, huku akinguruma kama ndege. Kafili wake, mwajiri anayeshikilia ruhusa yake ya kusafiri, amemnyima likizo mara mbili. Mwezi jana alifika ukurasa wa mwisho, mashujaa wanarudi nyumbani. Akaufunika kwa kiganja, akabuni vita vingine.

"Wewe baba, mbona unamdanganya mtoto?" nikamwuliza alipokata simu.

"Mama, wakirudi hawa, ataniuliza mimi narudi lini."

 Ijumaa iliyofuata nikasimama naye langoni, nikawa sauti ya adui.