Mfuko Mweupe wa Shela

Mwalimu mwenzangu, kijana Mwingereza, alikuwa karibu kurejea kwao, nao ubao wake wa kuchezea mawimbi ulikuwa ungali Shela, kisiwani Lamu, katika nyumba aliyopanga wakati wa likizo. Homa ilipomlaza, nilimwahidi mbele ya walimu wote kwamba nitaufikisha Malindi bila mkwaruzo. Ahadi hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani.

Shela nilipokewa na Bwana Mutua, karani, mtu wa bara kama mimi. Ubao ulikuwa mrefu kunipita, laini, wa kupasuka ukigongwa. Tukashauriana juu ya mfuko.

"Gunia la kopra," alisema.

"Litaukwaruza."

"Basi mkeka. Sokoni ipo mirefu."

"Mkeka wa kufungia papa mkavu, Bwana Mutua? Hii ni mali ya watu!"

Nikachagua marekani nyeupe, mpya. Tuliishona maradufu, tukajaza usumba wa nazi kwenye ncha, kisha tukaufunga mzigo juu ya miti miwili. Vibarua wanne, wote wa bara, wakauweka mabegani. Niliridhishwa na usafi wa kazi ile.

Asubuhi, maji yakiwa yametoka, tulifuata ufuo hadi Lamu mjini. Mimi nilitangulia, nimevaa koti langu jeusi.

Penye maduka ya kwanza, mshona viatu alisimama. Muuza kahawa akatua dele lake. Mzee mmoja mwenye mguu mbovu aliacha duka wazi, akamwondoa kibarua kwa upole, akatia bega lake chini ya mti. Wengine wakafuata, wakipokezana, wakinong'ona dua, hata uchochoro ukajaa.

"Mwepesi, masikini," kijana mmoja alisema. "Aliugua sana?"

"Ni mwanamume?" mwingine aliuliza.

Hapo ndipo nilipoelewa, na hapo ndipo nilipopaswa kusema. Lakini niliendelea kutembea, nikipokea pole za watu.

"Mwamtukua wapi, Bwana?" mzee aliniuliza. "Ndia ya makaburini ni ile."

"Si maiti," nilisema. "Ni ubao."

"Ubao wa nini?"

"Wa kuchezea. Baharini."

Kila mtu alisimama. Kisha yule kijana akasema, "Basi jamaa zake wote wako kwa seremala!" Uchochoro mzima ukaangua kicheko.

Mzee hakucheka. Alikuwa akihema, mguu wake mbovu ukitetemeka, naye aliushusha mti taratibu, kana kwamba ndani mngali na mtu. Upole huo ulinichoma kuliko kicheko chote.

Nilifumua mishono pale pale, mbele ya macho yao. Nikanunua mkeka, tena wenye harufu ya papa, tukauviringishia ubao. Nilipomwomba mzee radhi, alikuwa ameikunja marekani yangu na kuitia kwapani.

"Hii niatia mimi, Bwana," alisema. "Itapata mwenyewe."

Tulivuka hadi Mokowe, na lori likanirudisha Malindi nikiwa nimeupakata mkeka ule. Mwenzangu aliufungua, akaupapasa ubao pande zote, akanisifu kwa kuchagua mfuko mzuri. Sikuweza kumtazama usoni. Nilikuwa nimepima ulaini wa kitambaa na uimara wa mshono. Sikuwaza hata kidogo juu ya watu ambao ningepita milangoni mwao, wala juu ya heshima wanayompa mpita njia wasiyemjua, hata jina.

Ubao haukupata mkwaruzo. Bega la mzee yule sikuliulizia.