Mlinzi wa Pochi Yangu

Mwaka niliofikisha hotipoti kumi na moja, nikiwa na watoto wawili tu, nilikubali kwamba nina tatizo. Sikukubali kwa hiari. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Ushetu kutibiwa macho, nikampa chumba cha binti yangu. Asubuhi ya kwanza aliinama kutafuta kandambili chini ya kitanda, akakuta maboksi. Akayavuta moja moja, akayapanga sakafuni, akaniita. Aliniuliza kama nina mpango wa kufungua mgahawa. Nikamjibu kwamba vile ni vyombo vya wageni. Akanikumbusha kwamba yeye ndiye mgeni, na jana yake alikula wali uliopoa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kahama, tunakaa Nyahanga. Mume wangu ni dereva wa lori, siku nyingi yuko barabarani, kwa hiyo hakuna wa kunizuia nikiingia sokoni. Nilishajaribu mbinu zangu. Niliacha pochi nyumbani, nikajikuta nalipa kwa simu. Nikaacha na simu, wauzaji wakasema nichukue tu, nitaleta kesho, maana nimewafundisha watoto wao. Nilikuwa naenda kununua nyanya, narudi na pazia. Pazia lenyewe halitoshi dirisha, kwa hiyo kesho yake inabidi nirudi kutafuta la pili.

Mayu, ndivyo tunavyomwita, yaani mama kwa Kisukuma, ni mtu wa aina nyingine kabisa. Analima tumbaku, na hela ya tumbaku huja mara moja kwa mwaka, kwa hiyo amejifunza kuitazama vizuri kabla ya kuiachia. Ana sharti moja. Kitu ambacho hukutoka nyumbani kukitafuta, usikinunue siku unayokiona. Rudi, ulale siku tatu. Ya nne ukiamka bado unakikumbuka, nenda kakinunue. Kwa sharti hilo, aliniambia, amejenga nyumba ya bati na kusomesha watoto watano. Nikamwomba anisindikize sokoni.

Likizo ya Juni ilikuwa inaisha na binti yangu alihitaji sweta la shule. Kabla hatujatoka, Mayu alinyoosha mkono, nikampa hela zote. Akazifunga kwenye pindo la kanga pamoja na zake, akachomeka kiunoni. Na simu pia akaitaka. Nikamfuata nyuma kama mtoto anayepelekwa kudungwa sindano.

Sweta tulilipata duka la kwanza. Mayu akasema basi, tumemaliza. Lakini njia ya kurudi inapita kwa mama mmoja wa vyombo, ambaye akiniona tu husimama. Akasimama. Akanyanyua hotipoti la rangi ya maziwa, lina maua ya zambarau na kifuniko chenye vibanio pembeni, akasema alinifichia mimi peke yangu. Nikanyoosha mikono yote miwili. Mayu akaingia katikati yetu, akaligonga lile hotipoti kwa kidole kama anayechagua tikiti.

"Mwalimu, ulitoka nyumbani ukilitafuta hili?"

"Hapana, Mayu."

"Basi utalala siku tatu."

Mama wa vyombo alinitazama kwa huruma, kama mtu anayeona mwenzake anapelekwa polisi.

Upande wa mitumba walikuwa wamefungua belo jipya. Mitumba hainisumbui mimi, kwa hiyo nilitembea kwa amani, naongea, mpaka nilipogundua kwamba naongea peke yangu. Mayu alikuwa amebaki nyuma, amesimama mbele ya koti.

Lilikuwa koti la manyoya, kijani cha jani la mgomba, refu kupita magoti, na kola nene kama mto wa kulalia. Aliyelishona alikuwa anafikiria nchi yenye theluji. Sisi tulikuwa Kahama, saa saba mchana. Muuzaji, baba mmoja mwenye kipara, alishamvalisha kabla sijafika na sasa alimshikia kioo. Mayu akajigeuza kulia, akajigeuza kushoto, akainua kola. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni, koti hakulivua. Akaniambia kwamba Ushetu asubuhi kuna baridi. Akaniambia wakati wa tumbaku huwa anaamka alfajiri. Akaniambia ni zito, maana yake litadumu. Maneno hayo niliyafahamu yote, ni yale yale niliyoyasema kuhusu mapazia. Na mkono wake ulishafika kiunoni, kwenye fundo.

Mkwe hakemewi. Nilipiga goti kidogo, nikainamisha macho.

"Samahani, Mayu. Ulitoka nyumbani ukilitafuta?"

Aliendelea kujitazama kwenye kioo mpaka muuzaji akaanza kupunguza bei bila kuombwa. Kisha akatoa mkono mmoja, akapumzika, akatoa wa pili. Akasema siku tatu, kwa sauti ya mgonjwa.

Siku hizo tatu zilikuwa ngumu nyumbani kwangu. Alikula kidogo. Alilalamika kwamba baridi inamwingia mgongoni, na hapo yuko juani. Mimi siku ya pili nilijaribu kulikumbuka hotipoti, nikashindwa kujua maua yake yalikuwa ya bluu au ya zambarau. Mayu yeye alikumbuka hata vifungo. Vilikuwa saba, kimoja hakifanani na wenzake.

Siku ya nne alikuwa amevaa kabla ya chai. Tulifika sokoni, koti halikuwepo. Yule baba akasema liliondoka siku ile ile, hata saa moja haikupita. Mayu akauliza aliyelichukua alikuwa mtu wa namna gani, akiuliza kama tunavyouliza habari za marehemu. Halafu akajikokota hadi kwa mama wa vyombo, akaketi kwenye benchi, akafungua pindo la kanga mwenyewe.

"Chukua hilo hotipoti lako," akaniambia. "Angalau mmoja wetu arudi na kitu."

Maua yalikuwa ya zambarau. Lilikuwa zuri kweli, na mlinzi wangu alikuwa ameanguka. Nililishika, nikalifungua, nikalifunga.

"Mayu, nyumbani tunayo kumi na moja."

Sikuwahi kuitaja idadi hiyo hadharani. Mama wa vyombo, ambaye tisa kati ya hayo aliniuzia yeye, alianza kufuta vumbi kwenye sahani zilizokuwa safi.

Tulipotoka kutafuta usafiri tukaliona koti. Lilikuwa limevaliwa na dereva wa bodaboda, limefungwa vifungo vyote saba. Mayu hapandi pikipiki, siku zote husema hajachoka kuishi. Alikwenda moja kwa moja, akashika mkono wa koti, akamuuliza likoje. Dereva akamjibu kwamba alfajiri ni zuri, mchana ni adhabu, lakini hawezi kulivua kwa sababu mke wake bado anauliza alilinunua la nini. Mayu akapanda. Mimi nikawafuata na pikipiki nyingine, na njia nzima hadi Nyahanga nilimwona amelaza shavu kwenye manyoya.

Jioni mume wangu alipiga simu kutoka Geita, akamuuliza mama yake tumenunua nini sokoni. Mayu akamwambia hatukununua chochote. Mume wangu akaomba apewe mimi, akaniuliza kama ninaumwa.