Mukhtar Alinikaribisha Nyumbani Kwangu

"Tima, mchu mzima wewe, kila asubuhi wasimama na simu mlangoni kwa Mukhtar. Umemtaka?"

Jirani yangu Zuleikha aliniuliza hivyo, kwa Kibajuni chetu, hapa Kismayu, mbele ya muuza maziwa.

Nikamwambia nacheza.

Na kweli nilikuwa nacheza. Binti yangu Hanan, aliyeko Uholanzi, alinitilia mchezo kwenye simu ili nitembee, sukari ishuke. Unakwenda mahali, simu inajua umefika, inakupa kazi. Ukiifanya unapata pointi, pointi zinageuka bando. Dunia imeendelea, alhamdulillahi.

Sasa mchezo huo, katika mji mzima, ukaona pa kuficha hazina ni mlangoni kwa Mukhtar. Mlango wa nakshi, mzuri sana. Tuliuagiza Lamu mimi na marehemu mume wangu, Famau.

Mwaka wa tisini na moja, vita vilipotukimbiza Mombasa, baba yake Mukhtar aliikuta nyumba yetu tupu, akaihurumia, akahamia. Alipokufa akamrithisha mwanawe.

Niliporudi nilibisha hodi. Mlinzi akanijibu kupitia tundu la mlango kwamba mwenye nyumba haonani na watu wanaodai nyumba.

Sawa. Nyumba nilishamwachia Mungu.

Nilichotaka ni ua tu. Famau alipigwa risasi palepale mlangoni, kabla hatujakimbia. Siku ile makaburini hakufikiki, tukamzika uani. Kichwani nikamwekea jiwe langu la kusagia, sikuwa na jingine.

Basi kila asubuhi simu ikitafuta hazina, mimi namsomea Famau Fatiha upande wa pili wa ukuta. Katika mji huu ukisimama bure mbele ya nyumba ya mtu, utaulizwa umetumwa na nani. Bibi anayecheza mchezo, watu wanamcheka wanapita.

Kisha Zuleikha akaniletea habari nyingine. Mukhtar anataka kuchimba shimo la choo. Uani.



Kesho yake nimesimama, mlango ukafunguka. Mukhtar mwenyewe, simu mkononi. Kumbe naye mchezaji.

Kazi aliyopewa: mkaribishe mchezaji usiyemjua, akuambie jambo usilolijua kuhusu hapo unapoishi.

"Eddo," akaniita, kama Wasomali wanavyomwita shangazi, "karibu ndani. Jione uko kwako."

Nikamwambia nitajitahidi.

Uani nikamkuta Aboud na sururu yake, ameshachora duara chini. Huyu Aboud ndiye anayechimba vyoo vya mtaa huu, na ndiye anayechimba makaburi. Akikataa kazi yeye, wenzake hawaigusi.

Mukhtar akakaa juu ya jiwe langu la kusagia, mguu juu ya mguu.

"Haya, eddo. Niambie nisilolijua."

"Hapo ulipokaa ni kichwani kwa mume wangu. Na lile duara liko kifuani kwake."

Akacheka. "Nyinyi Wabajuni kila nyumba nzuri ina marehemu wenu."

"Tungefanyaje, baba? Ndimo tulimouawa."

Nikamgeukia mchimbaji.

"Aboud, ligeuze hilo jiwe. Chini lisipokuwa na bonde la kusagia, chimba, na mimi naenda zangu."

Mukhtar akainuka polepole. Aboud akaligeuza. Bonde lilikuwapo, laini vilevile, nililolisaga mwenyewe toka niko mwari.

"Jiwe ni jiwe," akasema Mukhtar.

"Ni kweli. Lakini bonyeza kwanza, baba, usipoteze pointi. Si ulikuwa hujui?"

Akabonyeza. Mungu shahidi wangu, alibonyeza, na simu ikampigia vigelegele.

Wapenzi wa michezo, nawaachia hili moja: kabla hujamwambia mgeni ajione yuko kwake, hakikisha hayuko kwake.

"Aboud," Mukhtar akasema, sauti imepungua. "Chimba."

Aboud akalirudisha jiwe mahali pake, akalipangusa mchanga kwa kiganja. Akalifuta lile duara kwa mguu, akatia sururu begani, akapita katikati yetu, akatoka.