Maneno ya Wodi Namba Nne

Pale hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Kamusi, naye aliitika kwa miaka kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa kusimama kati ya madaktari wageni, waliojua Kiingereza tu, na ndugu wa wagonjwa, wasiokijua. Daktari anasema, Kamusi anageuza, ndugu wanalia au wanashukuru. Mshahara wenyewe, we acha tu, lakini kazi aliipenda.

Alikuwa na daftari la mistari lililofungwa kwa raba, maana gamba lilishachoka. Kila neno la Kiingereza lilikuwa na ukurasa wake, ila comfortable lilikuwa na kurasa mbili. Ndilo lililomsumbua kuliko yote, kwa sababu halitulii mahali pamoja. Kiti kikiwa hivyo, kinakalika vizuri. Mtu akiwa hivyo, kipato kinamtosha. Viatu havibani. Timu imeshinda bila kutoka jasho. Mgeni anajisikia yuko kwake. Chini yake Kamusi aliandika starehe, raha, utulivu, nafuu, na mengine aliyoyakata kwa kalamu nyekundu. Mkewe, fundi cherehani, hakuacha kumtania: "Una maneno kumi na moja ya neno moja, na hakuna hata moja la kunibembelezea mimi!"

Katika wodi namba nne, hata hivyo, neno hilo lilikuwa na maana nyingine, na hiyo Kamusi hakuiandika. Daktari akisema pale kwamba mgonjwa atafanywa awe comfortable, ujue dawa za kuponya zimekoma, zimebaki za kutuliza maumivu. Sasa nani amwambie hivyo mama wa watu? Kamusi hakuwa na ubavu huo. Akatafuta pa kupitia, akapata: "Hatapata tabu." Si uongo, alijiambia. Manesi wakaidaka, ikawa ndiyo lugha ya wodi. Ndugu wakiisikia, nyuso zinakunjuka.

Kuna mama mmoja aliisikia asubuhi, akakimbia sokoni kumnunulia mumewe kandambili mpya za kurudia nyumbani. Aliporudi alikuta godoro limekunjwa. Kamusi alimwona na zile kandambili mkononi, akajibanza nyuma ya mlango wa stoo mpaka mama wa watu akaondoka. Aibu gani ile, jamani! Akaimeza, na kesho yake akaendelea vilevile.

Lakini mganga hajigangi. Mkewe alianza kushikwa na tumbo, akajifunga kitambaa kiunoni akaendelea kushona, akisema ni uchovu tu. Alipokubali kupimwa, uvimbe ulikuwa umeshafika kwenye ini. Akalazwa wodi namba nne, kitanda cha dirishani.

Jumanne asubuhi daktari akapita. Mama mkwe alikuwa hapo, anamkanda binti yake miguu. Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji, na alichotaka kujua kilikuwa kimoja tu. Kaka wa mgonjwa alikuwa mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi. Aitwe leo, au asubiri Jumamosi apate ruhusa kazini? Maana mgonjwa kila akizinduka alimuulizia yeye. "Kaka hajafika?"

Daktari akasoma faili, akavua miwani, akasema maneno machache. Lile neno lilikuwamo.

"Kasema nini, mwanangu?" mama mkwe akauliza.

Kamusi akaivuta raba ya daftari, akaiachia. Akatazama ukuta, akatazama vidole vya miguu vya mkewe. Nesi akaona mkongwe wa kazi amekwama, akamsaidia, tena kwa nia njema kabisa: "Usijali, mama. Hatapata tabu."

"Ee Mungu, asante!" Mama mkwe akashika kifua. "Basi kaka yake aje Jumamosi. Asije akafukuzwa kazi bure."

Kamusi hakuwahi kuambiwa maneno yale, alikuwa wa kuyasema tu. Kumbe yalikuwa matamu hivi! Yeye mwenyewe, mwenye kujua, alitamani kuyaamini. Alitamani pia daktari arudi, au nesi amsemee, au ardhi ipasuke. Daktari alikuwa ameshafika kitanda cha pili.

"Mama."

"Naam, baba."

"Aje leo."

"Si wamesema hatapata tabu?"

"Ndiyo, mama. Wamesema." Akainama karibu yake. "Aje leo."

Mama mkwe akamtazama. Mkono uliokuwa ukikanda ukasimama juu ya kifundo cha mguu. Hakulia. Akafungua mkoba, akatoa simu, akampa.

"Mpigie wewe," akasema. "Wewe ndiye unayejua kusema."

Simu iliita mara mbili. "Eh, shemeji!" sauti ikaitika kwa furaha, nyuma yake mashine za karakana zikinguruma. "Nipe habari. Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

Kamusi akashika chuma cha kitanda. Mkewe alikuwa amefumbua macho, anamsikiliza.

"Shemeji," akasema, "dada yako anakuulizia."

Akamtazama mkewe. Upande wa pili shemeji alizima mashine yake.