Damu Yangu na Ng'ombe wa Shemeji

Mwaka 1997, nikiwa na miaka thelathini na mmoja, mume wangu alifariki na taabu zangu zikaanza. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo usitegemee maneno mazito hapa. Nilibaki na watoto wawili, sufuria moja, na ukoo wa mume usionitaka.

Nikahama Kishapu, nikaenda machimboni upande wa Nyang'hwale kuwapikia wachimbaji. Mchana ugali na dagaa, asubuhi michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, naipika na karanga. Wanaume wanatoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, weupe kwa vumbi, wanakula, wanasifia, kesho wanarudi. Mikono hii imelisha watu mpaka sijui idadi. Ila ndugu wa mume wangu hawakuonja hata chumvi yangu.

Sababu ni hii. Mume alikufa kwa UKIMWI, na mimi nilipopima nikakutwa na virusi. Lakini sikuugua. Wenzangu niliopima nao walikonda, wakaanzishiwa dawa. Mimi kila nikienda kliniki naambiwa kinga yako iko juu, nenda kapike. Nikanenepa, na hilo ndilo likawa kosa langu. Kaka mkubwa wa marehemu, mtu wa ng'ombe, alisimama kwenye kikao cha ukoo akasema mwanamke aliyezika mume kwa ugonjwa huo, naye ana ugonjwa huohuo na ananenepa, basi amemla kichawi. Tangu hapo akija baada ya mavuno kuwaona watoto wa mdogo wake, anakaa nje kwenye kigoda na chupa yake ya maji. Chai hagusi.

Kwetu Usukumani mwanamke akiitwa mchawi, kadiri anavyozeeka ndivyo anavyozidi kuogopa mapanga. Mimi ni mbishi, lakini niliogopa.

Baadaye dawa zikaanza kutolewa kwa kila mwenye virusi bila kusubiri kinga ishuke. Nikaanza kumeza na mimi. Halafu, miaka michache iliyopita, wakaja wataalamu kliniki wanaomba damu. Daktari mmoja, binti mpole, akanieleza kwamba kila mwili una ulinzi wake dhidi ya virusi, na ulinzi huo mtu anaurithi kwa baba na mama, kama anavyorithi pua. Haufanani. Kwa mwingine virusi vinazaana haraka, kwa mwingine mwili unavibana miaka mingi. Wanataka kulinganisha damu za watu wengi wajue tofauti iko wapi.

Nilinyoosha mkono hajamaliza. "Chukua, binti. Ila nataka barua yenye muhuri, iseme mimi si mchawi."

Akacheka mpaka akaweka sindano chini. Kisha akaona mimi sicheki. Akasema kwa adabu kwamba barua hawatoi, kwamba damu ya mtu mmoja peke yake haisemi kitu, na hata zikilinganishwa hawezi kuniahidi kuwa siri ya damu yangu itajulikana. Akanionya nisije nikaacha dawa kwa kujivunia damu. Nikamjibu dawa sijakosa hata siku moja, si kama wanaume ninaowalisha.

Nikarudi nyumbani bila barua, nimenuna.

Mavuno yakaisha, shemeji akaja na chupa yake. Akaanza habari za ng'ombe, maana nyingine hana. Akamsifu jike wake mmoja mwekundu: mwaka ule ndigana, ugonjwa wa kupe, ilipomaliza zizi, yeye peke yake alibaki amesimama, na sasa hamuuzi kwa bei yoyote.

Nikaweka chini mwiko wa michembe. "Shemeji, wenzake walikufa wote?"

"Wote. Kupe walewale, malisho yaleyale."

"Na yeye akanenepa?"

"Vizuri tu. Ni damu hiyo. Hata mama yake alikuwa hivyo."

"Ukamwita mchawi?"

Alifungua chupa, akaifunga bila kunywa. Nikamweleza yote ya yule binti, polepole, kwa Kisukuma. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu: je, mdogo wake alikuwa na damu mbovu?

"Hakuwa na dawa," nikasema. "Wakati ule sisi tungezipata wapi? Usimlaumu na yeye."

Akaisukuma chupa chini ya kigoda. Halafu akauliza, "Hiyo michembe ina karanga?"

"Ina karanga."

"Weka kidogo."

Alikula bakuli mbili, akalalamika chumvi imezidi. Haikuzidi.

Leo nina nyumba ya tofali za kuchoma Kharumwa, vyumba vinne, bati jipya. Mgahawa wa meza sita. Masufuria makubwa kumi na moja. Mbuzi tisa. Ekari tatu za mpunga. Kopo la vidonge, halijawahi kuisha kabla sijachukua jingine. Ndama jike mmoja, mwekundu kama mama yake, shemeji alimleta mwenyewe juu ya lori. Na kigoda kimoja, sasa kinakaa ndani.